Kuacha Sigara: Ujue Mwenendo Wako Kwanza

Wavutaji wengi waliojaribu kuacha sigara wakashindwa hujihukumu kuwa hawana msimamo. Hukumu hiyo ni nzito kuliko inavyostahili. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya mtu kuvuta moshi, na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa 2 hivi. Upungufu huo ndio unaoleta hali ambayo mitaani huitwa arosto: wasiwasi, hasira za ghafla, kukosa usingizi na kushindwa kutuliza mawazo. Hali hiyo huwa kali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hulegea katika wiki 2 hadi 4. Humpata mpole kama inavyompata mkali.

Watu hutofautiana katika mahali mtego ulipo. Mwenye wasiwasi huvuta ili atulie, wala hatambui kwamba sehemu kubwa ya utulivu huo ni kuondokewa na arosto iliyoachwa na sigara iliyotangulia. Mtu wa papara huangushwa na urahisi. Akiiona sigara, ameshaiwasha. Kwake ahadi haitoshi. Aondoe kiberiti na kisahani cha majivu nyumbani, aache kupita kwenye kibanda anaponunua sigara moja moja. (Ununuzi wa namna hiyo huonekana nafuu hadi mtu ajumlishe gharama ya mwezi mzima.) Mpenda watu hushindwa kijiweni, kwa kuwa kukataa sigara ya rafiki huonekana kiburi. Huyu aandae jibu mapema: “Ahsante ndugu yangu, nimeacha.” Akisema “leo sivuti”, kesho atapewa tena.

Hamu inapopanda, kwa kawaida hudumu dakika chache. Kunywa maji taratibu, toka nje utembee, au mpigie simu mtu anayejua kuwa umeacha. Huu ni ujuzi wa kujifunza, na huimarika kwa mazoezi.

Tuseme wiki ya tatu, msibani, umevuta sigara moja. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alieleza kwamba anayechukulia kuteleza huko kuwa ushahidi wa udhaifu wake huelekea kurudia uvutaji kikamilifu. Ni heri ujiulize: nilikuwa wapi, na nani, nikihisi nini? Kisha uendelee palepale ulipokuwa, bila kungoja Jumatatu.

Vibandiko na jojo zenye nikotini vimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na hufaa zaidi vikiambatana na ushauri nasaha. Mjamzito amwone mtoa huduma za afya kabla ya kuvitumia. Vivyo hivyo anayetumia dawa za ugonjwa wa akili au za pumu amwone daktari kabla ya kuacha sigara: moshi wa tumbaku huongeza kasi ya mwili kuvunjavunja baadhi ya dawa hizo, na mvutaji akiacha, huenda kipimo chake kikahitaji kupunguzwa.