Moshi wa Gari na Usalama wa Kaya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufungua Ekzosi

Familia nyingi hutengeneza magari yao nyumbani ili kupunguza gharama. Kazi ya ekzosi, hata hivyo, inahitaji tahadhari ya pekee. Sehemu ikiondolewa bila kurudishwa, au ikirudishwa huku inavuja, moshi wenye sumu unaweza kuwafikia waliomo ndani ya gari na hata waliolala nyumbani. Kijarida hiki kinaeleza hatari hiyo, sheria ya Marekani, na namna ya kufanya kazi kwa usalama.

Kazi ya kila sehemu

Moshi hutoka kwenye injini, hupita katika mabomba yaliyozibwa kwa gasketi, kisha huingia katika kisafisha moshi. Mafundi wa Tanzania hukiita masega, kwa kuwa ndani yake mna vitundu vidogo kama vya sega la nyuki. Humo kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Baada ya hapo moshi hupita kwenye sailensa na kutolewa nyuma, mbali na abiria.

Gari lililotolewa masega hutoa sumu nyingi zaidi, na bomba lililokatwa chini ya viti huimwaga sumu hiyo pale abiria wanapokaa.

Ni kweli kwamba masega yaliyoziba hupunguza nguvu ya injini. Lakini mara nyingi huziba kwa sababu ya kasoro nyingine, kama vile plagi zisizochoma vizuri au injini inayokula oili. Kasoro hiyo isiporekebishwa, hata masega mapya yataharibika.

Sumu isiyoonekana

Kaboni monoksidi haina rangi, harufu wala ladha. Hujishika na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa unayoihitaji. Mtu aliyelala anaweza kufa kabla ya kuhisi dalili yoyote. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu.

Sheria na dhamana

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inamkataza mtu yeyote, awe mwenye gari au fundi, kuondoa au kulemaza kifaa cha kudhibiti moshi kilichowekwa na kiwanda. Kukifungua kwa ajili ya matengenezo na kukirudisha kikifanya kazi ipasavyo hakukatazwi.

Kabla ya kutumia fedha, mwenye gari aangalie dhamana yake. Kwa magari madogo, sheria ya shirikisho inataka masega na kompyuta ya injini vidhaminiwe kwa miaka 8 au maili 80,000, lolote litakalotangulia.

Kazi ifanywe hivi

• Injini isiwashwe ndani ya gereji, hata kama mlango uko wazi. Gari litolewe nje, mbali na madirisha ya nyumba.
• Injini na ekzosi vipoe kabisa kabla ya kuguswa. Masega hufikia joto la mamia ya nyuzi.
• Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, magurudumu yawekewe kabari, na uzito ubebwe na stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
• Kukata au kuchomelea bomba karibu na tangi au mipira ya mafuta kunaweza kuwasha moto. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye vifaa.
• Gasketi za magari ya zamani huenda zina asbesto. Zisisuguliwe zikiwa kavu wala vumbi lake lisipulizwe.
• Kila gasketi, boliti na bati la kukinga joto virudishwe mahali pake. Mlio mpya au harufu ya moshi ndani ya gari ni ishara ya kuvuja. Gari lisiendeshwe mpaka lirekebishwe.
• Kengele ya kugundua kaboni monoksidi iwekwe karibu na vyumba vya kulala, na ijaribiwe kila mwezi.

Dalili zikitokea

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu na kuchanganyikiwa. Hufanana na mafua makali au mwanzo wa malaria, lakini kwa kawaida mwili hauna homa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiugua pamoja, au wakipata nafuu wanapotoka nje, sumu ishukiwe mara moja.

Wote watoke nje penye hewa safi, kisha ipigwe simu 911 wakiwa huko huko nje. Asiyejua Kiingereza ataje neno “Swahili” ili atafutiwe mkalimani. Asirudi mtu ndani kuzima injini wala kuchukua mali mpaka wazima moto waruhusu. Kwa ushauri kuhusu sumu, kituo cha 1-800-222-1222 hupokea simu saa 24 bila malipo.