AMANA NDANI YA SIMU: MATANGAZO, MATAPELI NA NAMBA YA SIRI

Utangulizi

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu mwanafunzi, somo hili linahusu fedha zinazokaa ndani ya simu. Huenda ukajiuliza jambo hili linaingiaje katika jarida la madrasa. Jibu ni kwamba katika nyumba nyingi za hapa Singida, mjini na vijijini, mwenye fedha ni mzazi au bibi, lakini anayebonyeza simu ni wewe. Fedha za alizeti, za vitunguu vilivyouzwa soko la Misuna, au zile alizotuma kaka aliyeko Dar es Salaam, zinapita katika vidole vyako. Basi wewe ni mbeba amana, na mbeba amana hana budi kuijua njia anayopita.

Baada ya somo hili, Inshaallah, utaweza:
(a) kueleza fedha ya simu inavyofanya kazi;
(b) kulipima tangazo kabla ya kulifuata;
(c) kumtambua tapeli na kujua la kufanya.

1. Fedha ya simu inavyofanya kazi

Zamani aliyetaka kutuma fedha nyumbani alikwenda posta, au alimkabidhi bahasha dereva wa basi na kumuomba Mungu ifike. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa. Mwaka 2008 huduma za namna hiyo zikaingia Tanzania kupitia Vodacom na Zantel. Baadaye zikafuata Tigo Pesa (ambayo tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas), Airtel Money, Halopesa na nyinginezo.

Unapompa wakala noti zako, noti hizo hazisafiri. Zinabaki kwake, naye anakuhamishia sehemu ya salio lake. Kampuni nayo inatakiwa iwe na fedha halisi benki zinazolingana na salio za wateja wote, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Kwa hiyo kinachohama ni hesabu tu, na vitu viwili ndivyo vinavyoihamisha: laini yako na namba ya siri.

Hapa simama kidogo. Mtambo wa kampuni haukujui kwa sura wala kwa sauti. Yeyote aliyeshika laini na namba ya siri, kwake yeye ndiye mwenye mali. Mlinzi wa benki hayupo. Mlinzi ni wewe.

2. Tangazo katika mizani ya dini

Uislamu haukukataza mfanyabiashara kuisifu bidhaa yake kwa kweli. Kilichokatazwa ni kuficha. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini imelowa ilhali juu ni kavu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika kundi lake.

Hicho ndicho kipimo cha kila tangazo: uliza chini ya rundo kuna nini. M-Pesa ilipoanza Kenya, tangazo lake lilikuwa na ujumbe mmoja mwepesi, kwamba unaweza kutuma pesa nyumbani. Mteja alijua anachonunua. Siku hizi matangazo ni mengi, na maneno matatu yanahitaji kuingiziwa mkono.

Neno la kwanza ni "bure". Kutuma kunaweza kuwa bure, lakini kutoa kwa wakala kukawa na makato. Usiangalie tangazo peke yake, uliza makato ya safari nzima, kuanzia kutuma hadi noti kufika mkononi.

La pili ni "jishindie". Ukitakiwa kulipa ili uingie katika droo, na mmoja apate kwa fedha za waliokosa, hiyo ni kamari iliyokatazwa katika Suratul Maaida aya ya 90. Hata sheria ya nchi inaiweka bahati nasibu ya ujumbe mfupi chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

La tatu ni "mkopo wa papo hapo". Tuseme umekopa 20,000 na unatakiwa kurejesha 22,000. Zile 2,000 zinaweza kuitwa ada au gharama ya huduma, lakini jina halibadilishi kilichomo. Soma masharti, kisha muulize mwalimu wako kabla ya kubonyeza, wala si baada ya kubonyeza.

3. Tapeli huvaa nguo ya tangazo

Ndugu msomaji, ukitazama vizuri utaona kwamba tapeli hakubuni lugha mpya. Ameazima ya matangazo. Tangazo likisema "hongera", naye anasema "hongera". Likisema "zimebaki saa chache", naye anakuharakisha. Aliyezoea kuamini kila tangazo bila kuuliza amekwisha kumfungulia tapeli mlango. Kwa hiyo ulinzi wa fedha unaanzia katika kuulizia maneno, kabla hata ya kufika kwenye namba ya siri.

Hizi ni mbinu zinazojulikana sana nchini mwetu:

(i) "Ile hela tuma kwa namba hii." Ujumbe huu hutumwa kwa watu wengi bila kuchagua. Katika mia moja, hakosekani mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kumlipa mtu siku hiyo. Dawa yake ni kumpigia unayemdhania, kwa namba yake uliyokuwa nayo tangu zamani.

(ii) "Nimekosea, nirudishie." Unaletewa ujumbe unaofanana na wa kampuni kwamba umepokea fedha, kisha mtu anapiga akilia. Ujumbe si fedha. Angalia salio kwanza.

(iii) "Mimi ni huduma kwa wateja." Anataka umtajie namba ya siri, au ubonyeze namba anazokusomea. TCRA imekuwa ikiwakumbusha wananchi kuwa namba ya huduma kwa wateja ya makampuni ya simu ni 100. Na hata kampuni yenyewe haina haja ya kuijua namba yako ya siri.

(iv) Utajiri wa haraka kwa mganga, kwa pete au kwa kujiunga na "Freemason". Huyu anaiba mara mbili: anachukua fedha na anaichezea imani yako.

(v) Kidole cha pili. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Msajili asiye mwaminifu anaweza kukuambia "mtandao umekataa, weka tena", kumbe anasajili laini nyingine kwa jina lako. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Dhidi ya mbinu zote hizi kuna kanuni moja. Katika Suratul Hujuraat aya ya 6 waumini wameamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na mtu muovu kabla ya kuitendea kazi, wasije wakajuta. Tapeli hapendi uchunguzi. Ndiyo maana ana haraka.

4. Namba ya siri ni amana

Katika Suratun Nisaa aya ya 58 Allah (S.W.) ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe amana za watu, na hali miongoni mwa watu wa mji huo walikuwamo waliotaka kumuua. Amana haitazami kama mwenyewe ni rafiki au adui, wala kama anaona au haoni.

Basi mwanafunzi anayemsaidia mzazi wake azingatie haya:

- Mfundishe bibi kubonyeza namba yake mwenyewe. Tarakimu nne si nyingi kwa mtu aliyehifadhi sura za Qur'ani.
- Ikibidi akutajie, asikutajie mbele ya wakala wala mbele ya foleni. Usiiandike nyuma ya simu.
- Isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala 1234.
- Kila muamala msomee kiasi kilichotoka, makato na salio lililobaki. Usifute ujumbe. Suratul Baqara aya ya 282 imetufundisha kuandika madeni ili kuondoa shaka, na ujumbe ule ni maandishi yako.
- Usichukue hata shilingi 500 ya vocha bila ruhusa. Bibi hasomi ujumbe, lakini Allah anaona.

Na je, fedha ikiingia kweli kwa makosa? Si halali yako. Usiitumie, wala usiirudishe kwa kumtumia mtu aliyepiga simu tu. Mwambie mwenyewe awasiliane na kampuni yake ili muamala urudishwe, na wewe uiache ilivyo. Kwa njia hiyo haki inafika kwa mwenyewe, na tapeli hapati kitu.

5. Yakikufika

Kwanza, piga simu kampuni mara moja, kwani fedha ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Pili, badilisha namba ya siri. Tatu, peleka TCRA, kwa namba 15040, ujumbe wa tapeli na namba aliyotumia. Nne, toa taarifa polisi, kwani utapeli wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tano, usinyamaze kwa aibu. Mzazi aliyetapeliwa asichekwe nyumbani. Akichekwa leo, kesho atajificha, na jirani yake ataingia katika shimo lile lile.

Hitimisho

Simu ni chombo chenye manufaa, imepunguza safari na imeunganisha jamaa. Lakini mali ya bibi inayolindwa kwa tarakimu nne inamtegemea mjukuu mwaminifu na mwenye subira ya kuuliza. Tunamuomba Allah atujaalie tuwe watu wa amana.

Zoezi

1. Ni vitu gani viwili vinavyohamisha fedha ndani ya simu?
2. Hadithi ya rundo la nafaka inatufundisha nini kuhusu matangazo?
3. Umepigiwa simu kwamba umetumiwa 30,000 kimakosa. Eleza hatua zako kwa mpangilio.
4. Msomee mzazi au bibi yako sehemu ya 3, kisha uandike mbinu aliyowahi kukutana nayo.

Wabillahi tawfiiq.