Mwendo wa Wawili Mlimani

Wapendwa wanandoa, sisi wa Moi's Bridge tuna Mlima Elgon karibu, lakini tumewaachia vijana na wageni kuupanda. Kilele cha Koitoboss kina mita 4,222. Huko juu hewa ni nyepesi. Anayekimbilia mbele huweza kuumwa kichwa na kutapika. Hapo huacha kupanda, na hali ikizidi hushushwa. Ndiyo maana kundi lenye busara hufuata mwendo wa aliye wa polepole.

Baba, wewe humtangulia mama watoto kwa hatua ngapi? Sisemi njia ya kanisani tu, ingawa hata hapo tunawaona. Magunia ya mahindi huuzwa, shamba hukodishwa, naye huyapata kwa jirani. Ndoa ya namna hiyo hukosa hewa. Mungu alimpa Adamu msaidizi wa kufanana naye (Mwa. 2:18), si mchukuzi wa kumfuata nyuma. Nawe mama, ukichoka sema. Kununa si kusema.

Jumamosi moja mwezi huu, pandeni pamoja kilima chochote kilicho karibu, mama akitangulia. Mzee asimpite. Mkiketi kupumzika, baba aanze kueleza: mahindi ya mwaka jana yaliuzwa bei gani, na fedha ziko wapi?