Wimbi Likipita, Ulizia Kilichosalia: Mafunzo Matano ya Fuwele za Matabaka

Nilipoingia kwenye utafiti wa fuwele za matabaka, mambo mawili yalifundishwa kila moja kivyake. La kwanza ni wimbi la msongamano wa chaji: fuwele ikipoa, elektroni huacha kutapakaa sawasawa, hujazana hapa na kupungua pale kwa mpangilio unaojirudia, na atomu nazo husogea kidogo kuufuata. La pili ni hali za kitopolojia, yaani hali za elektroni zinazolindwa na ulinganifu, hata kasoro ndogo za fuwele zisiweze kuzifuta. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuyafuatilia yanapokutana ndani ya fuwele moja.

1. Anza na ukinzani.
Kabla ya kutafuta mitambo mikubwa, pitisha mkondo mdogo wa umeme huku ukiipoza sampuli. Katika 1T-TaS₂, kiwanja cha tantali na salfa, ukinzani hupanda ghafla takribani mara kumi karibu na kelvini 180. Ukiipasha joto, hushuka tena karibu na kelvini 220. Katika hali ya ukinzani mkubwa, wimbi limejifunga kwenye fuwele: atomu 13 za tantali zimekusanyika kwa umbo la nyota, moja katikati na 12 kuizunguka. CsV₃Sb₅ nayo hubadilika kwenye kelvini 94. Kwa kuwa naitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye kelvini 77, badiliko hilo huonekana bila heliamu, ambayo ni ghali na adimu. Mwanafunzi wa chuo chenye vifaa vichache ana pa kuanzia, na jambo hili nalisema kila ninapopata nafasi.

2. Uliza ni elektroni zipi zimezuiwa.
Mwanafizikia Rudolf Peierls alionyesha kwamba metali ya mnyororo mmoja wa atomu haiwezi kutulia. Atomu zikisogea kwa kipindi maalumu, pengo la nishati hufunguka pale pale elektroni zilipokoma kujaza, na jumla ya nishati ya elektroni hushuka. Kwenye matabaka mambo hayaishi hivyo. Mara nyingi pengo hufunguka upande mmoja tu, na elektroni za upande mwingine zikaendelea kupitisha umeme. 2H-NbSe₂ hupata wimbi lake karibu na kelvini 33, lakini hubaki metali, na kwenye kelvini 7 hivi huwa kipitishi kikuu, yaani hupitisha umeme bila ukinzani. Kwa hiyo, kujua tu kwamba wimbi lipo hakutoshi.

3. Wimbi linaweza kuisafishia topolojia njia.
Funzo hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Tatizo la fuwele nyingi za kitopolojia ni kwamba makutano ya Dirac, pale mikanda miwili ya nishati inapogusana, hufunikwa na mikanda ya kawaida. Mwaka 2021 kundi la Leslie Schoop wa Chuo Kikuu cha Princeton lilieleza njia ya kutumia wimbi lenyewe kama dawa. Katika GdSb₀.₄₆Te₁.₄₈, uwiano wa antimoni na teluri huamua idadi ya elektroni, nayo idadi hiyo huamua kipindi cha wimbi. Wimbi likaondoa sehemu kubwa ya mikanda iliyokuwa ikisumbua, na makutano ya Dirac yakasalia, kwa sababu yanalindwa na ulinganifu wa kuakisi na kusogeza nusu hatua. Kumbe wimbi lile lile huharibu au hutengeneza, kutegemea ulinganifu linaouacha.

4. Usilisome tabaka moja peke yake.
Atomu za vanadi ndani ya CsV₃Sb₅ zimepangwa kama ususi wa vikapu vya Kijapani uitwao kagome. Kwenye tabaka moja, wimbi hurefusha kipindi mara mbili kila upande. Ukipima kwa wima, utaona matabaka hayafanani: mpangilio hujirudia baada ya matabaka mawili au manne. Katika 1T-TaS₂ pia, jinsi nyota za tabaka moja zinavyolalia za tabaka la chini huathiri pengo la nishati.

5. Kusanya mashahidi kadhaa.
Eksirei huonyesha kipindi kipya cha atomu. Mwanga unaong'oa elektroni hupima nishati na mwendo wake, hivyo hufichua pengo. Hadubini ya ncha ya sindano huonyesha mpangilio atomu kwa atomu. Kuhusu CsV₃Sb₅ na ndugu zake, vipimo vimetofautiana juu ya kama wimbi huvunja ulinganifu wa kugeuza wakati, yaani kama hali ya elektroni hubaki ile ile mwendo wake ukirudishwa nyuma. Swali hilo ni zito, kwa kuwa ulinganifu huo ni mlinzi wa hali nyingi za kitopolojia. Mvutano mdogo tu kwenye sampuli unaweza kuathiri wimbi, kwa hiyo naandika jinsi fuwele ilivyobandikwa na kupozwa kwa makini yale yale ninayoandikia matokeo.

Siku hizi nikipewa fuwele mpya, huorodhesha ulinganifu wake kabla ya wimbi, kisha huorodhesha uliosalia baada yake. Tofauti ya orodha hizo mbili hunielekeza mahali pa kupima kwanza, na kwa mtafiti anayeanza, sijui ushauri bora kuliko huo.