Msimamizi Mpya na Amana ya Watu

Jambo la uongozi limetajwa mara nyingi katika mafundisho ya dini, lakini wengi wetu tulisomapo huwawazia wafalme, maamiri jeshi na makhalifa, kana kwamba sisi halituhusu. Kumbe walio wengi katika wale watakaoulizwa juu ya uongozi wao ni watu wa kawaida kabisa: msimamizi wa wachumaji arobaini katika shamba la chai, karani mkuu wa ghala, fundi mkuu wa karakana, mwenyekiti wa chama cha ushirika. Somo hili limekusudiwa kwa mtu wa namna hiyo, na hasa yule aliyepewa cheo jana, ambaye leo asubuhi amewakuta wenzake wa juzi wamesimama mbele yake wakingoja aseme neno.

Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kwamba ataulizwa juu ya wale aliowekewa awachunge. Wala hakuwataja watawala peke yao, bali alimtaja pia mume katika nyumba yake, mke katika nyumba ya mumewe, hata mtumishi juu ya mali ya bwana wake. Na sahaba wake Abu Dharr r.a. alipoomba apewe cheo, alimweleza kwa upole kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo, kwamba cheo ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama kitakuwa fedheha na majuto isipokuwa kwa yule aliyekichukua kwa haki yake na akautimiza wajibu wake. Abu Dharr alikuwa mtu mwema sana. Basi wema peke yake hautoshi kumfanya mtu aweze kuongoza. Na mwenye kupewa cheo asidhani kwamba amepewa kwa sababu ya wema wake.

Tuchukue mfano wetu kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara Magharibi, wilaya ya Korogwe. Huko juu, upande wa Ambangulu na Dindira, ni nchi iliyopandwa chai, na chini bondeni, Ngombezi, Magunga na Mwelya, ni nchi ya mkonge. Wazee wa sehemu hizo wanalijua vizuri neno “mnyapara”. Zamani lilikuwa neno la heshima: kiongozi wa msafara wa Wanyamwezi, aliyewajua watu wake na kuwafikisha salama pwani na kuwarudisha. Katika mashamba ya wakoloni neno hilo likageuka likawa la mtu wa kukaripia, na siku hizi tunalisikia zaidi magerezani. Na wale waliosimamiwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alitambuliwa kwa namba yake na kwa kipande chake chenye kuonyesha siku alizomaliza, asitambuliwe kwa jina alilopewa na wazazi wake. Msimamizi mpya aliyerithi kazi hii amerithi pia kumbukumbu hiyo, ajue asijue. Jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kutoa amri yo yote, ni kuyajua majina ya watu wake wote. Na akimkuta mzee, amwamkie shikamoo kama alivyokuwa akimwamkia kabla ya kupata cheo, kwani cheo hakiondoi umri.

Ama kuhusu kazi yenyewe, jaribu lake kubwa liko penye mizani. Katika kazi ya chai mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani aliyochuma. Anatakiwa achume majani mawili na chipukizi. Akichanganya majani magumu, chai huharibika na bei hushuka. Tena majani yakishindiliwa kikapuni na kukaa sana hupata joto na kubadilika rangi kabla ya kufika kiwandani. Kwa hiyo msimamizi anayo haki ya kuyakataa majani mabaya, naam, ni wajibu wake kuyakataa. Vile vile ni haki kuondoa uzito wa kikapu, na kupunguza kiasi fulani wakati wa mvua, kwa sababu maji si chai. Lakini hapo hapo ndipo mlango wa dhuluma unapofunguka. Nani ajuaye maji yalikuwa kiasi gani? Msimamizi akikata kilo moja tu zaidi ya haki kwa kila mchumaji, na wachumaji ni arobaini, kwa siku ni kilo 40, na kwa siku 26 za kazi ni kilo 1,040. Zaidi ya tani moja ya majani imechumwa kwa mikono ya watu wasioilipwa! Na hakuna hata mmoja wao awezaye kuthibitisha, maana kila mmoja amepoteza kilo yake moja jioni, akiwa amechoka, na mtoto anamngoja nyumbani.

Kurani Tukufu imetenga sura nzima, ya 83, kuanza na onyo kwa wale ambao wakijipimia hutaka kitimie na wakiwapimia wengine hupunguza. Wafasiri wengi huieleza kwa habari za wafanya biashara wa sokoni. Kwa maoni yangu inamhusu msimamizi zaidi, kwa sababu mnunuzi sokoni aweza kuondoka akaenda duka jingine, lakini mchumaji hana mizani nyingine ya kuiendea.

Dawa yake si ngumu. Vikapu vitupu vipimwe asubuhi mbele ya watu wote, na uzito wao utangazwe. Majani yapimwe mchumaji mwenyewe akiona, namba isomwe kwa sauti, na iandikwe daftarini kabla hajaondoka. Ikiwa ni siku ya mvua, kiasi cha kupunguzwa kiwe kimoja kwa wote na kitajwe kabla ya kupima, si baada ya kuona ni zamu ya nani. Na tusisahau upande wa pili: msimamizi anayemwongezea shemeji yake kilo tatu kwa huruma ameiba vile vile, ingawa safari hii ameiba kwa mwenye shamba. Wako watu waonao aibu kumpunja maskini lakini hawaoni aibu kumpunja tajiri au serikali. Uadilifu haukugawanywa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye shida inayowatia hofu vijana wengi: kuwaongoza watu waliowazidi umri na uzoefu. Mwaka 632, siku chache kabla ya kufariki dunia, Mtume s.a.w. alimteua Usama bin Zaid r.a. kuwa mkuu wa jeshi la kwenda mpaka wa Shamu. Usama alikuwa kijana wa miaka kama 18 au 20, na baba yake, Zaid, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Katika jeshi hilo walikuwamo masahaba wakubwa, hata Seyyidna Umar r.a. Watu wakanong’ona. Mtume s.a.w., naye mgonjwa, akapanda mimbari akawaambia kwamba zamani walimsema vile vile baba yake, na kwamba baba alistahili, na mwana naye anastahili.

Kisha Mtume s.a.w. akafariki, na manung’uniko yakarudi. Seyyidna Abubakr r.a., Khalifa wa kwanza, akaombwa aweke mtu mzima zaidi. Akakataa kwa ukali. Siku ya safari alitoka kulisindikiza jeshi, yeye akienda kwa miguu na Usama amepanda mnyama. Kijana akaona haya, akamsihi Khalifa apande au yeye ashuke. Khalifa hakukubali lo lote katika hayo mawili. Halafu akamwomba Usama, kama anaona vema, amwachie Umar abaki Madina amsaidie. Tazama jambo hili kwa makini. Khalifa angeweza kuamrisha tu, na Umar angebaki. Lakini kama angemchukua mtu mmoja kutoka katika jeshi la Usama bila ya kumwuliza, jeshi zima lingejua tangu siku hiyo kwamba amri ya Usama yaweza kupitwa pembeni. Wakubwa wengi wa siku hizi humteua kijana asubuhi, na mchana wanawaita watu wake na kuwapa maagizo mengine bila yeye kujua. Kisha hushangaa kwamba kijana hasikilizwi.

Kwa upande wa Usama mwenyewe, funzo ni kwamba hakusimama kuwajibu waliomnong’ona. Alikwenda, akaifanya kazi, akarudi salama.

Lakini je, mwenye amri afanye apendavyo? Milima ya Usambara ina jibu lake lenyewe. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Kiingereza, ikiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi, kwanza Mlalo na baadaye sehemu nyingine za Usambara, na wakulima wakalazimishwa kulima matuta. Hofu ile haikuwa ya uongo, maana mvua kweli ilikuwa ikiteremsha udongo. Ila kazi ya matuta ilikuwa nzito, sehemu kubwa ikiwaangukia wanawake, na asiyefanya alishitakiwa. Watu waliona nguvu zao zinakwisha na mavuno hayaongezeki. Wakapinga, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ukaachwa. Mabwana shamba walikuwa na elimu. Walichokosa ni kuwauliza wenye kushika jembe. Na hasara yake ilikaa muda mrefu, kwa kuwa hata shauri jema la kuhifadhi udongo lilinuka shuruti.

Linganisha na masimulizi ya Wasambaa wenyewe juu ya Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi. Alikuwa mgeni kutoka Nguu, upande wa Handeni. Masimulizi hayasemi kwamba alifika na kudai utawala, bali aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akawasuluhisha katika magomvi yao. Na ndipo wakamfanya mkubwa wao. Hata tukiiona habari hii kuwa ni hadithi ya wazee, inatuonyesha Wasambaa walimtazamia mtawala awe mtu wa namna gani.

Mashauriano pia yana adabu yake. Kabla ya vita vya Uhud Mtume s.a.w. alipendelea kubaki mjini, lakini wengi, hasa vijana, walitaka kutoka, naye akafuata shauri lao. Alipokwisha vaa deraya wakajuta, wakataka kurudi nyuma. Akakataa, kwa kuwa shauri lilikwisha katwa. Siku hiyo Waislamu wapata 70 waliuawa. Mtu angetazamia kwamba baada ya msiba huo mashauriano yangekomeshwa. Kinyume chake, katika Sura Aali Imran aya ya 159, iliyoshuka baada ya Uhud, Mtume s.a.w. aliagizwa awasamehe, awaombee, na azidi kushauriana nao. Na akisha azimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo msimamizi aliyefuata shauri la watu wake likaleta hasara asiwarushie lawama, wala asiape kwamba hatawauliza tena.

Yafaa niseme neno juu ya ukali wa maneno. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na ubabe, na wafanyakazi wa viwanda vingi waliushika kwa mikono miwili. Katika miaka iliyofuata waliacha kazi mara kwa mara, na mara nyingi sababu haikuwa mshahara bali lugha ya meneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika hata kukishika kiwanda chenyewe. Kweli, walikuwako pia waliojificha nyuma ya Mwongozo ili wasifanye kazi. Lakini meneja aliyewatukana watu ndiye aliyewapa wavivu hao pa kujificha. Anas r.a., aliyemtumikia Mtume s.a.w. kwa miaka kumi tangu utoto wake, alishuhudia kwamba hakupata hata mara moja kusikia kwake neno la kuchoshwa naye, wala kuulizwa kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Nani atasema kwamba mtoto yule hakukosea kitu kwa miaka kumi?

Hata hivyo upole si kuyafumbia macho makosa. Anayechelewa kila siku aambiwe, lakini aambiwe peke yake, si penye mizani mbele ya wenzake. Aulizwe kwanza sababu, kwani huenda ana mgonjwa nyumbani. Akionywa mara ya pili iandikwe. Na adhabu ikilazimika iwe ile ile ambayo ndugu yake msimamizi angepewa kwa kosa hilo.

Limebaki jambo moja ambalo mwenye cheo kipya hapendi kulifikiri, nalo ni siku ya kukiacha. Mwaka 634 Seyyidna Umar r.a., mara tu alipokuwa Khalifa, alimwondoa Khalid bin Walid r.a. katika uongozi wa majeshi ya Shamu, naye ni mshindi aliyejulikana kila mahali, akamweka Abu Ubaida r.a. mahali pake. Khalid hakurudi nyumbani kwa hasira, wala hakuwakusanya waliompenda. Alibaki katika jeshi lile lile chini ya Abu Ubaida, naye Abu Ubaida akaendelea kumwuliza shauri lake. Na mwaka 636, katika vita vikubwa vya Yarmuk, wote wawili walikuwa uwanjani.