Kabla winga hajakushika mkono

Wadogo zangu, vyuo vikikaribia kufungua mnaniletea swali lile lile: "Dada, ninunue laptopu gani?" Nami nawajibu kwa swali: unakwenda kusoma nini? Anayekwenda kusoma sheria na anayekwenda kusoma usanifu majengo hawawezi kutoka dukani na mashine ya aina moja, hata kama bahasha zao zinalingana.

Nianze na wale wasio na nafasi ya kubahatisha. Ukipangiwa usanifu majengo au jiomatiki pale Chuo Kikuu Ardhi, jiandae kukutana na programu kama Revit na ArcGIS Pro. Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake. Ukienda na MacBook aliyokuletea mjomba kutoka ng'ambo, utapendeza maktaba mchana, halafu usiku utabisha hodi chumba cha jirani kuomba mashine yake. Ninyi tafuteni yenye RAM ya GB 16 na, mfuko ukiruhusu, kadi ya picha inayojitegemea. Itakuwa nzito begani na itakula chaji, lakini kozi yenu ndiyo inavyotaka. Wa sayansi ya kompyuta mtakaotengeneza programu za simu kwa Android Studio, GB 16 kwenu pia si anasa.

Waliobaki, yaani sheria, biashara, ualimu, sosholojia, hata udaktari pale Muhimbili, kazi yenu kubwa ni kusoma PDF, kuandika, kutazama slaidi na video, na pengine siku moja kuchakata data za utafiti kwa SPSS. GB 8 zinawatosha. GB 4 nakataa. Windows 11 inakubali kuwekwa kwenye GB 4, lakini fungua Word, Zoom na kurasa kumi za intaneti kwa pamoja uone inavyojikokota. Diski nayo iwe SSD, hapo sibishani na mtu. Ile diski ya zamani inayozunguka ni ya polepole, tena haipendi kutikiswatikiswa kwenye daladala.

Mpya au iliyotumika? Najua mama anataka mpya, yenye boksi na nailoni yake, apige picha atume kwenye kundi la ukoo. Tatizo ni kwamba kwa bajeti ndogo, mpya utakayopewa mara nyingi ina prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Hifadhi ya namna hiyo imechomelewa kwenye bodi, na mara nyingi RAM nayo vilevile, kwa hiyo fundi hana cha kukuongezea. Windows na masasisho yake vikishajipanga humo, nafasi yako imekwisha kabla hujaweka hata notisi za muhula mmoja.

Mimi naegemea zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani: ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5 na ndugu zao. Ziliundwa kwa ajili ya makampuni, kwa hiyo zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, RAM na SSD vinabadilishwa, na mafundi wamezizoea. T480 ina betri mbili, na ile ya nyuma unaichomoa kwa mkono tu. Umbo lake halina mvuto, nakubali. Ni jeusi, la kiofisi, kama la mhasibu wa halmashauri.

Sasa twende Kariakoo. Winga atakushika mkono na kukuambia, "Hii i7, mdogo wangu, chukua hii." Usishtuke. i7 ni cheo tu. Uliza ni cheo cha mwaka gani. Jibu liko kwenye namba baada ya kistari. i7-4600U ni kizazi cha 4, ya mwaka 2013. i5-8250U ni kizazi cha 8, ya mwaka 2017. Namba ikianza na 10, 11 au 12, basi hicho ndicho kizazi chake. Na kuna siri ambayo winga hataitaja: hadi kizazi cha 7, prosesa za i7 zenye herufi U mwishoni, ndizo zilizojaa kwenye laptopu nyembamba, zilikuwa na viini viwili. Kizazi cha 8 kikaja na i5 zenye viini vinne. Ndiyo maana i5 ya juzi inaiacha mbali i7 ya zamani.

Kizazi cha 8 kina maana nyingine pia. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel za aina hii, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Wauzaji wanajua kukwepa kizuizi hicho, wanaisukumiza kwenye mashine ya kizazi cha 4 na inawaka vizuri tu, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho. Kwa hiyo kuona Windows 11 kwenye kioo hakuthibitishi kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; kwenye ukurasa wa utendaji utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na kama diski ni SSD.

Ukiwa hapohapo, usione haya kusimama nusu saa. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotengenezwa. Utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Kama ilianza na 50,000 na sasa ina 25,000, imebaki nusu: punguziwa bei au ubadilishiwe. Kisha izime, iwashe upya huku ukibonyezabonyeza F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad au F10 kwa HP. Ikidai nywila ya BIOS ambayo muuzaji haijui, mrudishie, hata kama bei ni ya kutupwa. MacBook iliyotumika nayo isiwe na akaunti ya iCloud ya mtu. Chromebook za bei chee ziacheni. SPSS haiingii humo, na baadhi bado zimefungwa na shule za Marekani zilikotoka.

Risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa waranti kwa wiki au miezi. "Ukipata shida rudi" si waranti. Na kama unategemea bumu, usilimalizie lote dukani, maana ndilo chakula chako. Kozi nyingi za kuandika na kusoma zinavumilia wiki tatu nne za mwanzo bila laptopu. Tumia maabara ya chuo, waulize wa mwaka wa pili wa kozi yako wanatumia programu gani hasa, ndipo uende Kariakoo, tena asubuhi, na mtu anayejua kusoma hizo namba.