Mmea Unarefuka Wapi?

Piga msumari katika shina la mwembe, sawa na urefu wa kifua chako. Miaka mitano ikipita, mwembe umerefuka sana. Je, msumari umepanda juu pamoja nao? Hapana, ungali pale pale. Basi mti unarefuka wapi?

Jaribu kwa haragi. Lilaze katika kitambaa chenye maji. Mzizi ukifika sentimeta 2, uchore kwa wino mistari midogo 10, yenye nafasi sawa, tangu nchani mpaka juu. Kesho yake tazama. Mistari ya juu haikusogea, lakini ile ya karibu na ncha imeachana. Mzizi unarefuka karibu na ncha yake.

Sababu ni hii. Mwili wa mmea umejengwa kwa seli, yaani vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu. Seli nyingi zina kazi yao: hizi zinapitisha maji, zile zinaimarisha shina. Lakini katika ncha ya kila mzizi na katika kila chipukizi mna seli changa, ambazo kazi yao ni kugawanyika: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Seli mpya zinarefuka. Hivyo mzizi unashuka na chipukizi linapanda. Ncha ya mzizi imevaa kofia ndogo, isichubuliwe na udongo. Chipukizi nalo limefunikwa na majani machanga.

Mkahawa ukikatwa ncha hautakufa, kwa maana una machipukizi mengine pembeni, nayo yatatoa matawi. Mchikichi sivyo. Hauna matawi, una chipukizi moja tu, katikati ya majani yake ya juu. Huo ndio moyo wake. Mtu akiukata, majani ya zamani yatakaa mabichi kwa muda, lakini jani jipya halitatoka tena, na mti utakufa. Mafuta ya miaka mingi yanapotea kwa pigo moja la panga.

Kwa hiyo mwenye kupanda mchikichi akate mikungu ya ngazi na majani makavu, moyo asiuguse.

Maulizo
1. Kwa nini msumari haukupanda juu?
2. Seli changa za ncha zinafanya kazi gani?
3. Mkahawa na mchikichi vinaachana kwa jambo gani?